Yoga tiba ya mtu mmoja mmoja Raskazone, Tanga: maoni yangu baada ya vipindi kumi

Tangu mwanzoni mwa Januari hadi mwishoni mwa Machi nimehudhuria vipindi kumi vya yoga tiba, yaani mazoezi ya mwili na ya pumzi yanayopangwa kulingana na maradhi ya mtu, kwa mwalimu mmoja wa kike aliyeko Raskazone, hapa Tanga, ambaye hapokei kundi bali hukaa na mtu mmoja kwa muda wa saa nzima. Ninaandika maoni haya kwa ajili ya walimu wenzangu wa shule na kila mtu ambaye kazi yake humkalisha kitini kutwa, kwa kuwa nimeulizwa mara nyingi kama huduma ile inafaa na kama inastahili gharama yake. Jibu langu ni kwamba inafaa, na kinachoifanya ifae ni jambo ambalo sikulitarajia: mwalimu yule husikiliza kwanza, kisha ndipo huagiza.

Nilikwenda na mambo mawili. La kwanza ni kiuno, ambacho kilikuwa kimenisumbua kwa karibu miaka mitatu, kikikaza kila nilipoinuka baada ya kusahihisha madaftari, na ambacho kukandwa kwa mafuta ya nazi kulikituliza siku mbili tu kabla ya kurudi kulekule. La pili sikulitaja siku ile ya kwanza. Mama yangu alifariki Septemba, na tangu hapo usingizi ulikuwa ukinikatika saa tisa za usiku, nikabaki macho hadi adhana ya alfajiri, kifua kikiwa kimebana.

Lazima niseme pia kwamba nilikwenda kwa hofu. Mwaka uliotangulia nilijaribu darasa la yoga la watu wengi katika mji mwingine, ambapo mkufunzi alisimama mbele na kipaza sauti akatuamuru sote, wazee kwa vijana, tuiname tuguse vidole vya miguu bila kukunja magoti. Nilitii. Usiku ule nilishindwa kujigeuza kitandani, na kwa wiki nzima nilifundisha nikiwa nimeegemea meza.

Kwa hiyo nilishangaa kuona kwamba katika kipindi changu cha kwanza Raskazone hatukufanya zoezi lolote kwa zaidi ya nusu saa. Mwalimu aliniamkia, akaniomba nitembee kutoka mlangoni hadi dirishani, nivue viatu nikiwa nimesimama, kisha niokote khanga iliyokuwa sakafuni, naye akitazama tu. Baada ya hapo yakaja maswali. Maumivu yananiamsha usiku au ninaamka nayo? Yanashuka hadi mguuni? Kuna ganzi? Nimewahi kushindwa kuzuia haja ndogo, au kupungua uzito bila sababu, au kupata homa pamoja na maumivu hayo? Alinieleza waziwazi kwamba kama ningejibu ndiyo kwa mojawapo ya hayo ya mwisho, asingenigusa, bali angenielekeza hospitali ya Bombo siku ileile. Aliangalia pia kadi yangu ya kliniki, kwa sababu nina presha, akasema kwamba mikao yote ya kuinamisha kichwa chini ya moyo tutaiacha. Nilipomsimulia yaliyonipata kwenye lile darasa, hakumsema vibaya mkufunzi yule. Alisema tu, “Shangazi, zoezi lile halikuwa lako.”

Nilimwuliza kwa nini hafundishi makundi wakati angepata fedha nyingi zaidi. Alinieleza kwamba njia anayoifuata inatokana na Tirumalai Krishnamacharya, mwalimu wa Kihindi aliyeishi kuanzia mwaka 1888 hadi 1989, ambaye miaka ya 1930 alifundisha vijana katika kasri la Mysore kwa mazoezi makali ya viungo, lakini baadaye, alipohamia Madras, ambayo leo inaitwa Chennai, akawa anapokea wagonjwa mmoja mmoja na kumtungia kila mtu mazoezi kulingana na umri wake, kazi yake na maradhi yake. Mwanawe, T.K.V. Desikachar, aliiendeleza kazi hiyo na mwaka 1976 akaanzisha taasisi mjini humo kwa jina la baba yake. Mwanafunzi mwingine wa Krishnamacharya, B.K.S. Iyengar, ndiye aliyezoesha watu kutumia viti, mikanda na mablanketi ili mwili usiofika uweze kufikishwa. Katika chumba kile cha Raskazone hakuna vifaa vya fahari: mna mkeka, viti viwili vya mbao, mito na khanga zilizokunjwa. Khanga ndiyo mkanda wetu.

Mkao ambao umenisaidia kuliko yote ni rahisi kiasi kwamba nilidhani bado hatujaanza. Nililala chali juu ya mkeka, miundi ya miguu ikiwa juu ya kiti, magoti yamekunjwa, khanga imekunjwa mara nne chini ya kichwa. Mwalimu aliniomba niweke viganja vyangu ubavuni, juu kidogo ya kiuno, nisikie mbavu zinavyotanuka ninapovuta pumzi na zinavyorudi ninapoishusha. Viganja havikusogea. Nilikuwa ninavuta pumzi kwa mabega, na inawezekana nimefanya hivyo kwa miaka. Ilichukua vipindi viwili kabla kiwambo, yaani ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, hakijaanza kushuka vizuri na mbavu kufunguka mikononi mwangu kama mvukuto.

Kisha akaniongezea hesabu: kuvuta kwa nne, kushusha kwa sita, bila kujilazimisha. Sababu yake aliniruhusu niihakikishe mwenyewe kwa kushika mshipa wa kifundo cha mkono. Mapigo ya moyo huongezeka kidogo mtu anapovuta pumzi na hupungua anapoishusha, kwa kuwa ule mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kuteremka hadi kifuani na tumboni hufanya kazi zaidi wakati wa kushusha. Ndiyo maana pumzi inayotoka polepole humtuliza mtu. Sisi watu wa Pwani husema mtu ameshusha pumzi pale anapoondokewa na dhiki. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kulifikiria.

Ilikuwa katika mkao huohuo, kipindi cha nne, ndipo nilipolia. Hakuna aliyemtaja mama. Ilikuwa ile pumzi tu, imeshuka mbali kuliko kawaida. Mwalimu hakuniuliza kitu wala kuniharakisha. Alinifunika macho kwa kitambaa chepesi, akaketi karibu na mkeka, akasubiri, na kipindi chote kilichobaki kikaishia hapo. Nilipoinuka nilimweleza habari ya msiba na ya saa tisa za usiku. Alinipa pole, akanibadilishia mazoezi ya nyumbani ili niyafanye kabla ya kulala badala ya asubuhi, na akasema jambo lililoniongezea imani naye: kwamba yeye si mshauri nasaha, na kwamba kama huzuni ingezidi kunizuia kula, kufanya kazi au kutaka kuishi, ningehitaji mtaalamu wa afya ya akili, naye angenisindikiza hospitalini.

Najua swali ambalo Waislamu wenzangu watauliza, yaani kama yoga ni ibada ya dini nyingine, kwa sababu mimi pia niliuliza. Mwalimu hatumii nyimbo wala maneno ya ibada ya dini yoyote. Aliniambia niamue mwenyewe nitakalolisema moyoni, nami huwa ninasoma istighfari. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe nchini humo kama mchezo, na habari hiyo ilimtuliza kaka yangu kuliko maelezo yangu yote. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, mwalimu aliondoa mazoezi ya kusimama, tukabaki na ya kulala na ya pumzi.

Kuhusu matokeo, sitadai kwamba nimepona. Kiuno bado hukaza wiki za mitihani, lakini sasa ninaweza kukaa saa mbili bila kuinuka kwa kujishika, na vidonge vya maumivu nilivyokuwa ninavimeza karibu kila siku nimevitumia mara tatu tu mwezi Machi. Usingizi umerudi usiku mwingi. Hilo linalingana na wanachosema madaktari: mwongozo wa mwaka 2017 wa American College of Physicians, chama cha madaktari wa Marekani, uliitaja yoga miongoni mwa njia zisizo za dawa za kuanzia kwa maumivu ya mgongo wa chini yaliyodumu zaidi ya wiki 12, ingawa ulikiri kwamba ushahidi wake si mzito.

Kasoro zipo. Nililipa shilingi 40,000 kwa kipindi, kiasi ambacho ni kikubwa kwa mshahara wa mwalimu, na hakuna punguzo kwa anayelipia vingi kwa pamoja. Chumba kina dirisha moja, na katika joto la kaskazi, umeme ukikatika na feni ikasimama, mtu hulowa jasho akiwa amelala. Mara mbili nilisubiri nje dakika ishirini kwa sababu aliyenitangulia hakuwa amemaliza. Nilikasirika mara ya kwanza, na mara ya pili nikakumbuka kipindi changu cha nne. Zaidi ya hayo, asiye tayari kufanya dakika kumi na tano nyumbani kila siku asipoteze fedha zake, kwa sababu saa moja ya wiki peke yake haibadilishi kiuno.

Sasa ninakwenda mara moja kwa mwezi. Nafasi za jioni, baada ya saa za shule, hujaa mapema, hivyo ni vyema kuzipanga wiki mbili kabla. Mwenye presha, mjamzito, au aliyewahi kupasuliwa aende na kadi yake ya hospitali, kwani ataulizwa kadi hiyo mlangoni.