Alaimenti ya Beetle ya zamani na tairi za 165/80 R15: uzoefu wangu Nairobi

Gari ni Beetle 1300 ya 1970: boljointi (viungo vya mpira vinavyoshika magurudumu) mbele, ekseli za kubembea nyuma (kila moja hupanda na kushuka pamoja na gurudumu lake), rimu za chuma za inchi 15. Huduma ni alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ya kompyuta, magurudumu yote manne, kwenye karakana moja ya Industrial Area kwa shilingi 2,000. Mashine ni nzuri. Anayeiendesha ndiye wa kusimamiwa.

Shida ilianzia kwenye skrini. Fundi alibonyeza "Beetle", kompyuta ikaleta vipimo vya ile mpya yenye injini mbele, gari ambalo halina hata nati moja ya pamoja na hili. Ukikubali, rangi zote zitageuka kijani na gari litoke likitangatanga barabarani. Mwambie atafute Type 1, jina la kiwandani la Beetle ya zamani, au aingize mwenyewe: kemba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje) ya mbele 0°30', ikipungua au kuzidi kwa dakika 20 (dakika 60 ni digrii moja), kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) 3°20', to-ini (magurudumu kuelekeana kidogo kwa mbele) ya jumla 0°30', kwa dakika 15 huku na huku. Kwa tairi za radiali mimi huomba to-ini ya dakika 15 hadi 20, karibu milimita 2 ukipima ukingo wa rimu. Ikizidi sana, tairi zinaliwa upande wa nje.

Utaambiwa kemba ya gari hili "haisongi". Inasonga. Boljointi ya juu ina bushi yenye tundu lililokaa upande. Legeza nati, zungusha bushi, kaza. Kemba hutangulia na to-ini hufuata, kwa sababu ukigusa ya kwanza ya pili hubadilika. Usukani ukikaa upande, urekebishwe kwa tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu) za pande zote mbili. Fundi asiung'oe na kuurudisha ukiwa umenyooka: boksi la stearingi limebana vizuri pale katikati tu, ukilihamisha unapata uchezo wakati unaenda moja kwa moja.

Nyuma ndiko wengi huharibu. Ekseli za kubembea zikiinuliwa kwa jeki, magurudumu hukunja miguu ndani, na gari likishushwa hayarudi mahali pake mara moja. Fundi wangu alitaka kusoma vipimo hapo hapo. Lisukume mbele na nyuma mita kadhaa, libonyeze bampa mara chache, ndipo vichwa vya mashine visome. Tangi liwe limejaa, kwa kuwa liko mbele na uzito wake hubadilisha kimo. Kemba ya nyuma hairekebishwi kwa spana ya mashine; inatokana na kimo cha fimbo za msokoto (ndizo springi za gari hili), zenye meno 40 ndani na 44 nje, hivyo kusogeza jino moja ndani na moja nje kinyume chake hubadilisha pembe ya bamba la springi kwa takriban dakika 50. Walioinua nyuma ili wapite matuta wajue kwamba pua ikiinama kasta hupungua, na hapo Thika Road kwa kasi ya 90 usukani unakosa msimamo. Hilo halitibiwi na alaimenti.

Tairi sasa. Maduka ya Kirinyaga Road yatakusukumia 195/65 R15 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita) kwa vile ndizo zinazotoka haraka. Zinahitaji rimu ya upana wa inchi 5½ kwenda juu, na za Beetle ni 4 au 4½. Tairi hubanwa miguuni, ukuta wake unavimba na kona inakuwa ya kuteleza-teleza. 165/80 R15 za alama 87T (kilo 545 kila moja, kilomita 190 kwa saa) zinatosha na kubaki. Kwa kuwa hazitoki sana, soma tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na hiyo waiache dukani. Zangu zimeshika vizuri kwenye kona za Limuru Road hata lami ikiwa na maji, ila zina kelele kidogo kwenye lami chakavu.

Upepo ni pauni 18 mbele na 27 nyuma, tairi zikiwa baridi. Kijana wa petroli atajaza 32 kote kama amezoea Probox. Mkatalie, maana injini iko nyuma na tofauti hiyo ndiyo inayozuia mkia usikutangulie konani. Spea peke yake ndiyo ya kujazwa 42, kwani ndiyo inayosukuma maji ya kuoshea kioo.