Programu ya albamu za picha kwa tovuti yako: ipi uanze nayo

Mwongozo huu ni wa mpiga picha za harusi pale Mwanjelwa, mwongoza watalii wa Iringa anayepeleka wageni Ruaha, na yeyote mwenye picha nzuri za Ziwa Ngozi anayetaka zikae kwenye tovuti yake, mahali ambapo masharti anayaweka mwenyewe. Google Photos ilikuwa ikipokea picha bila kikomo, lakini tangu Juni 1, 2021 picha zote mpya zinahesabiwa ndani ya GB 15 za bure.

Programu nitakazozitaja zote zina toleo la bure. Pesa inatoka kwenye kukodi seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, na inatoka pia mfukoni mwa anayekuja kutazama, kwa sababu analipia bando. Piga hesabu. Picha 60 za send-off, kila moja MB 6 kama ilivyotoka kwenye kamera, ni MB 360. Zipunguze upana hadi pikseli 1,200, na nyingi zitashuka hadi kama KB 250. Albamu nzima inakuwa MB 15. Shangazi aliyeko Makete atazitazama hizo MB 15 bila wasiwasi, ila MB 360 hatazimaliza. Ndiyo maana programu isiyotengeneza nakala ndogo yenyewe nimeiacha nje kabisa.

Ya kwanza: Piwigo

Ilianza Ufaransa mwaka 2002 na bado inaendelezwa. Inahitaji PHP (lugha ambayo programu imeandikwa) na MySQL (databesi, yaani ghala la kumbukumbu zake) tu, vitu vilivyomo karibu kwenye kila seva ya bei nafuu ya kuchangia na wengine, zile zinazoendeshwa kwa ukurasa wa usimamizi uitwao cPanel. Inatengeneza saizi kadhaa za kila picha, inaweka jina lako juu ya picha ukitaka, na inakuruhusu kufunga albamu ili familia ya bibi harusi ione za kwao tu.

Kinachoipa nafasi ya kwanza kwangu ni folda. Pandisha picha kwa FTP, njia ya kupeleka faili moja kwa moja kwenye seva, ndani ya folda iitwayo galleries, kisha iambie programu isawazishe: mpangilio wako unabaki vilevile, na majina uliyoyatoa yanabaki. Siku ukitaka kuhama, unabeba folda zako na kuondoka. Ukipandisha kupitia kivinjari, yenyewe inazipanga kwa tarehe na kuzipa majina yake, kwa hiyo kwa kazi za wateja tumia FTP. Usiache nafasi kwenye majina ya faili: sendoff_014.jpg itapita, "send off 14.jpg" itakataliwa. Mwonekano inaokuja nao ni wa kizamani kidogo, lakini kuna mitindo mingine ya bure ya kubadilishia.

Ya pili: Sigal au thumbsup

Hizi zinafanya kazi kwenye kompyuta yako. Unaipa folda ya picha, inakutengenezea kurasa zilizokamilika, nawe unazipandisha kwenye seva. Hakuna databesi, na hakuna ukurasa wa msimamizi wa mtu kujaribu kuvunja. Kwa mwenye nyumba ya wageni Tukuyu ambaye albamu zake hubadilika mara chache kwa mwaka, ningeshauri hii kabla hata ya Piwigo. Sharti ni kwamba usiogope kuandika amri: Sigal inatumia Python, thumbsup inatumia Node.js. Kuongeza picha kutoka kwenye simu ukiwa porini, sahau.

Ya tatu: Lychee

Kwa uzuri wa macho inazipita zote mbili. Tatizo ni kwamba faili zinapewa majina ya herufi zisizo na maana, na mpangilio wa albamu unakaa ndani ya databesi. Databesi ikipotea, unabaki na rundo la picha usilojua ipi ni ya nani. Ukiichagua, chukua bakapu ya databesi pamoja na picha, kila mara. Pia muulize muuza seva kama ana toleo jipya la PHP.

Immich na PhotoPrism

Zinasifiwa sana, na kwa haki, kwa kazi nyingine: kutunza picha zote za familia nyumbani. Zinatambua nyuso, zinatafuta kwa maneno, na Immich inachukua picha moja kwa moja kutoka kwenye simu. Lakini zinategemea Docker, mfumo wa kuendeshea programu zilizofungwa kama vifurushi, na zinakula kumbukumbu: PhotoPrism inataka GB 3 za RAM kwa uchache, Immich zaidi ya hapo. Seva ya kuchangia haiwezi. Ukiziweka nyumbani Uyole, umeme ukikatika tovuti imezimika, na intaneti ya laini ya simu mara nyingi haikupi anwani ya peke yako ya kufikiwa kutoka nje.

Programu iitwayo Gallery, hata ukiikuta kwenye orodha ya programu za kusakinisha, iache. Maendelezo yake yalisimama mwaka 2014.

Kabla ya kupandisha chochote

Simu huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kwa harusi, hiyo ni ramani ya nyumbani kwa mteja. Kwa Kitulo ni hatari zaidi: viazi vya okidi vinachimbwa na kuuzwa hadi Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo, na picha yako ya ua adimu inaweza kumfikisha mchimbaji mlangoni. Uwanda ule ni hifadhi ya taifa tangu 2005, lakini okidi zinaota pia nje ya mipaka yake, pasipo na askari.

Usiiachie programu ya albamu kazi ya kuficha, maana picha halisi ikipakuliwa inabeba kila kitu. Futa kwanza mahali hapo kwenye kompyuta yako kwa programu ya ExifTool, ambayo ni ya bure, kwa kuandika amri hii ukiwa ndani ya folda ya picha:

exiftool -gps:all= *.jpg

Itaacha kando nakala ya zamani ya kila picha, jina lake likiishia na _original. Hizo bado zina mahali palepale, kwa hiyo zihamishe kwenye folda nyingine kabla hujafungua FTP.