Uzoefu wangu na The Goblin Emperor: fitina za ikulu kwa msomaji mvumilivu

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyokosekana imeliwa na majina ya wahusika, na wengi wanaokiacha kitabu hiki njiani huachia hapo.

Kiliandikwa na Katherine Addison, jina la kalamu la Sarah Monette, kikatoka mwaka 2014 na mwaka uliofuata kikashinda tuzo ya Locus ya riwaya bora ya fantasia. Mhusika mkuu, Maia, ana miaka 18, mama yake goblini, baba yake kaizari wa elfi (jamii mbili za viumbe vya kubuni mfano wa binadamu), naye amekulia uhamishoni chini ya binamu katili. Chombo cha angani kinaanguka, kinaua baba yake pamoja na kaka zake watatu wa baba mmoja, na kiti cha enzi kinamwangukia yeye asiye na rafiki hata mmoja ikulu. Muda si mrefu inabainika kwamba kilihujumiwa.

Kabla ya sura ya kwanza, shika hili: mwisho wa jina la ukoo hubadilika kumfuata mtu. Ukoo wa kifalme ni Drazhada. Mwanamume ni Drazhar, mwanamke aliyeolewa ni Drazharan, ambaye hajaolewa ni Drazhin. Sisi wa Kisumu tuliozoea Otieno na Atieno, Ochieng' na Achieng', tuna nafuu hapa, maana sikio limeshajua kwamba herufi moja hutosha kutofautisha mvulana na msichana. Vyeo navyo vina utaratibu wake: Mer, Merrem na Min (mwanamume, aliyeolewa, asiyeolewa) kwa raia wa kawaida, Osmer, Osmerrem na Osmin kwa wenye nasaba. Yaandike kwenye kipande cha karatasi, kiwe ndicho alamisho yako.

Orodha ya majina iko mwishoni mwa kitabu. Ukisomea kwenye simu, weka alamisho huko kwanza, na ulipakue faili zima ili usitegemee bando. Kamusi ya programu haitakusaidia kwa majina haya. Tumia kitafutio cha ndani ya kitabu. Andika Chavar, rudi pale alipotajwa mara ya kwanza, utakuta cheo chake. Toleo la kusikiliza ningeliweka kwa raundi ya pili. Ndani ya matatu ya Kakamega, redio ikiwa juu, Csevet, Csoru na Csethiro watageuka mtu mmoja.

Kingine kinachokwaza ni kwamba mtu akizungumza rasmi hujiita "we" hata akiwa peke yake. Usitafute wenzake chumbani. Maia akishuka hadi "I", au "thou" ile ya Biblia ya King James, ujue ameuvua ukaizari kwa dakika hiyo. Anayepitia haraka bila kuliona hili atadhani sura nzima imepita bila tukio.

Fitina zenyewe ni za mezani, si za upanga. Kuna Chansela Chavar na vikwazo vyake, kuna baraza liitwalo Corazhas, na kuna chama cha mafundi saa wanaotaka kujenga daraja juu ya mto Istandaärtha. Mvutano wa daraja ndio nilioupenda kuliko yote. Aliyewahi kufuatilia bunge la kaunti likigombania bajeti ya barabara moja atazitambua mbinu zote. Udhaifu uko kwenye upelelezi wa ile hujuma: anaufanya mhusika aitwaye Celehar, mbali na macho yetu, nasi tunaletewa matokeo. Ukipenda kukisia mhalifu bega kwa bega na mpelelezi, utaona umepunjwa.

Familia ya kujichagulia, yaani wasio ndugu wanaogeuka ndugu, ipo, ila inakuja polepole na ina mipaka. Kaizari hulindwa na watu wawili wawili, mmoja askari na mwingine mwenye uwezo wa kichawi. Jozi ya kwanza ni Beshelar na Cala. Mapema kabisa Cala anamwambia Maia kwamba hawezi kuwa rafiki yake, na baadhi ya wasomaji hukata tamaa papo hapo. Vumilia. Mwandishi haufuti mpaka huo kwa kumbatio la ghafla. Anaacha utumishi na upendo vikae pamoja kwa shida, na ndiyo sababu mwisho wenye matumaini unaaminika. Maia hageuki katili ili ashinde.

Ukimnunulia mwanafunzi wa sekondari, jua kwamba kuna kumbukumbu za kupigwa utotoni na kuna kifo cha kujiua. Mambo ya chumbani hakuna.

Ukitaka kuendelea, The Witness for the Dead ya mwaka 2021 inamfuata Celehar katika mji wa Amalo, naye ndiye anayesimulia. Ni hadithi ya upelelezi, fupi kuliko hii. Anayeinunua kwa kumkosa Maia amenunua kitabu kisicho chake.