Seti ya kutengenezea koncho: kitofali nakisifu, kikata visahani nimekivua cheo

Kazi yangu ni ngozi. Nina meza Kariokor, Nairobi, nashona mikanda, mikoba na makubadhi, na kwa miaka sita mapambo ya chuma nilikuwa nikiyanunua kwa pakiti. Hasa koncho. Kwa asiyezijua, ni yale mapambo ya duara au ya umbo la yai, tumbo limevimba kidogo, kingo zimekatwa mawimbi, yanayofungwa juu ya mkanda, mkoba, kofia au hatamu ya farasi. Jina limetoka kwenye neno la Kihispania concha, yaani kombe la baharini, na ukiishika mkononi kweli ni kombe.

Za pakiti ni zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya fedha. Mvua mbili na jasho la kiuno, rangi inabanduka, chini kunatokea kijivu kama sufuria iliyochoka. Mteja mmoja alinirudishia mkanda bila kusema neno. Aliuweka mezani, akanitazama, akaenda zake. Usiku huohuo nikaagiza seti mtandaoni. Duka silitaji, maana nina maneno nalo, lakini seti za aina hii zimejaa kila mahali na zinafanana kama ndugu.

Nililipa shilingi 13,500, na nyingine 4,200 za usafiri na ushuru. Baada ya wiki tano likaja boksi zito lenye vitu vinne: kitofali cha chuma chenye vishimo vya nusu-duara pande zote, kikubwa kikiwa na upana wa milimita 40, pini 24 zenye vichwa vya mviringo, zimesimama kwenye kibao chake, kikata visahani, yaani cha kukatia vipande vya duara kutoka kwenye bamba, na mihuri 12 ya kugongea nakshi. Nimevitumia miezi minane sasa.

Nianze na kitofali, kwa sababu ndicho kilichonifanya nisijute. Ni kizito, kimekaa sawa mezani, na vishimo vingi vimesuguliwa vikang'aa. Viwili tu vilikuja na mikwaruzo ya mashine, na mkwaruzo wa kishimo unajichapa kwenye shaba kama alama ya kidole. Nilivisugua kwa msasa laini wenye mafuta niliouzungushia kwenye pini, dakika ishirini kazi ikaisha.

Siku ya kwanza lakini niliaibika. Nilikuwa na kipande cha shaba ya manjano nilichonunua kwenye vyuma chakavu, nikakata kisahani, nikakiweka juu ya kishimo, nikagonga. Pigo la kwanza kikaruka hadi chini ya cherehani. Pigo la nne kikapasuka ukingoni, ufa mrefu kama ukucha. Nikajua seti ni mbovu. Nikaifunga kwenye gunia nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee ninayemfahamu, nimuulize kama inafaa kurudishwa.

Aligeuzageuza kitofali, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Binti yangu, hiki hakina kosa. Shaba yako uliipitisha motoni?"

"Nimekata nikagonga tu, mzee."

"Wewe hupiki chapati? Unga ukiukanda tu bila kuupumzisha, utakuruhusu uusukume? Shaba ndiyo hivyo hivyo. Kila ukiigonga inakaza. Ipumzishe."

Akaongeza kwamba shaba za manjano si moja. Zenye zinki nyingi, karibu sehemu 40 kwa mia, zimetengenezwa kufanyiwa kazi zikiwa moto. Ukizikunja baridi zinapasuka. Ya kubonyeza baridi ni ile yenye zinki kama 30 kwa mia. Chakavu hakikwambii kina nini ndani. Tangu hapo nanunua bamba jipya la milimita moja na kumwambia muuzaji ni la kubonyeza. Bei iko juu, ila ukihesabu vilivyopasuka, chakavu ndicho kilichokuwa ghali.

Kupumzisha kwenyewe, ukishaona mara moja, husahau. Nazima taa ya kibanda, maana kwenye mwanga mkali rangi inakudanganya. Naweka kisahani juu ya tofali, nakipitishia moto wa mtungi wa gesi polepole, moto uzunguke usikae mahali pamoja. Kwanza shaba inafanya weusi, kisha kwa ndani inaamka nyekundu iliyofifia, kama kaa linalokaribia kufa. Hapo natoa moto. Nasubiri wekundu uondoke ndipo nakitia majini. Ukiupitiliza moto, zinki inaanza kutoka kama moshi mweupe, na moshi huo si wa kuvuta. Mlango wangu huwa wazi hata mvua ikinyesha. Weusi wa juu nautoa kwa maji ya ukwaju yenye chumvi, kama nyanya yangu alivyokuwa akisugua sinia zake za shaba Mombasa. Usitie koleo la chuma humo. Mimi nililitia, shaba yote ikatoka na rangi ya waridi.

Shaba ikishalainika, kitofali kinafanya kazi kama sala. Unaanza kishimo kikubwa, unateremka kidogo kidogo hadi umbo unalotaka. Kwa hereni na vidani ni raha tupu: visahani vya milimita 15 vinatoka vimebinuka sawasawa, jozi baada ya jozi.

Tatizo likaja kwenye mikanda. Vishimo vya kitofali ni vya nusu-mpira, na koncho ya mkanda si nusu-mpira. Inatakiwa iwe bapa, tumbo liinuke kidogo tu, la sivyo inakwama kila unapoinama. Mkanda wangu wa kwanza ulionekana kama umebandikwa ndimu zilizokatwa nusu. Halafu kuna jambo ambalo tangazo halisemi: kishimo kikubwa ni milimita 40, pini kubwa ni 25. Yaani kishimo ninachokihitaji zaidi hakina pini yake.

Suluhisho halikutoka kwenye boksi. Nilikuwa nimeanza kusoma habari za Wanavaho, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, ambao ndio waliozifanya koncho zijulikane duniani. Mafundi wao wa mwanzo hawakuwa na kitofali. Walichonga bonde kwenye kigogo cha mti, wakaweka fedha juu yake na kuigonga. Basi, nikaomba kipande cha mti mgumu kwa fundi seremala, nikachimba bonde la upana wa milimita 70 na kina cha milimita 8, nikalisugua. Gharama: soda moja. Koncho zangu zote za mikanda sasa zinatoka kwenye kigogo hicho, na mbao haiharibu nakshi, jambo ambalo chuma kinalifanya. Maana nakshi unaigonga kisahani kikiwa bado bapa, juu ya fuawe, na ukikibinua uso huo ndio unaolala kwenye kishimo. Ukitumia kitofali, tandika kipande cha ngozi laini ndani yake kwanza. Mimi ngozi ninazo, hilo halinisumbui.

Na hao Wanavaho waliniokoa mara ya pili. Nilikuwa nikibandika kitanzi nyuma ya koncho kwa lehemu ya kawaida, ile ya mafundi redio. Inashika vizuri mezani. Kiunoni ni mambo mengine. Dada mmoja alinipigia simu akiwa kwenye matatu: koncho mbili zimeanguka, moja imeviringika hadi kwa kondakta, nyingine haijaonekana hadi leo. Nikamrudishia pesa, nikakaa chini.

Sasa, koncho za kwanza kabisa za Wanavaho, zile za miaka baada ya wao kurudi makwao kutoka kifungo cha Bosque Redondo mwaka 1868, hazikuwa na lehemu hata tone. Mafundi walikuwa bado hawajaijua. Walitoboa katikati tundu la umbo la almasi, wakaacha kijiti cha fedha kikivuka tundu hilo, na ukanda wa ngozi ukapitishwa chini ya kijiti. Ngozi yenyewe ndiyo iliyoshika. Baadaye walipoijua lehemu, wakafunga tundu na kubandika kitanzi cha shaba nyekundu nyuma, kisha mawe ya feruzi yakaanza kupandwa juu. Fedha yenyewe ilikuwa sarafu zilizoyeyushwa au kupondwa, kwanza dola za Marekani, kisha peso za Meksiko.

Nikajaribu. Tundu mbili kwa keekee, msumeno mwembamba wa sonara, tupa ndogo ya pembe tatu. Koncho moja inanichukua nusu saa zaidi, lakini mkanda wa namna hiyo niliouuza mwezi wa tatu unavaliwa na mwendesha bodaboda, na sijapigiwa simu. Anayetaka koncho isiyo na tundu namfungia skrubu ya vipande viwili, au nabandika kitanzi kwa lehemu ya fedha na boraksi (unga wa kuisaidia lehemu itiririke), kazi inayotaka moto mkubwa. Lehemu ya redio nimeirudishia redio.

Mihuri 12 ya nakshi nisiipotezee muda. Minne ni mizuri. Minne inafanana. Iliyobaki ilibonyea ncha ndani ya wiki moja, maana chuma chake hakikukazwa. Kabla ya hapo, kwa ujanja wangu, nilishajaribu mihuri yangu ya ngozi juu ya shaba, nikaua miwili. Ile imetengenezwa kwa madini laini, ngozi iliyoloa tu ndiyo inayoiogopa. Kinachochekesha ni kwamba nakshi nyingi za Wanavaho zilitokana na mihuri ya mafundi ngozi wa Meksiko, lakini wao walijitengenezea yao ya chuma kigumu, kutokana na tupa kuukuu na vyuma vingine vilivyochakaa.

Kwa hiyo nilikwenda Kamukunji na tupa tatu zilizokufa meno. Mafundi wa jua kali wa pale wanakijua chuma. Kijana aliziwasha zikawa nyekundu, akazifukia kwenye majivu hadi kesho yake zikalainika, nikachonga nakshi mwenyewe, kisha akazirudisha motoni hadi sumaku ikakataa kuzishika, akazichovya kwenye mafuta. Tukazipasha tena kidogo mpaka zikafanya rangi ya nyasi kavu, zisivunjike kama kioo. Shilingi 900 kwa zote tatu. Nina jani, nusu-mwezi, na petali moja ambayo nikiizungusha mara nane inatoa waridi kama lile la kwenye milango ya Lamu.

Hilo la waridi lina sababu yake. Mteja mmoja alitaka nimwigie mkanda wa Kinavaho kutoka kwenye picha, na niandike kwenye lebo kwamba ni kazi yao. Kule Marekani kuna sheria ya mwaka 1990 inayokataza kuuza kitu kwa madai ya uongo kwamba kimetengenezwa na wenyeji wa asili. Mimi niko Kariokor, sheria hiyo hainifikii. Lakini najua ninavyojisikia nikiona makubadhi yametengenezwa kiwandani ng'ambo na kuandikwa ni kazi ya mikono ya Lamu. Nikamwambia ufundi nimejifunza kwao, nakshi ni za kwetu. Akanunua hata hivyo, baada ya kuvutana sana kuhusu bei.

Tumalizie na kikata visahani. Hiki ndicho kinachonipa hasira. Ni vibamba viwili vya chuma vyenye matundu, unaingiza shaba katikati, unashusha pini, unagonga kwa nyundo, kisahani kinaanguka. Visahani kumi vya kwanza vilitoka safi nikapiga picha. Kufikia cha thelathini hivi, makali ya pini yalikuwa yamejikunja na kila kisahani kikawa na ndevu za kusugua kwa tupa. Pini kubwa, ya milimita 32, ilimeguka kipande ikikata bamba la milimita moja tu, wakati tangazo lilisema inakata mbili. Niliwaandikia wauzaji na picha. Wakanijibu nitume video. Nikatuma. Wakanijibu nitume picha. Mwishowe wakanipa punguzo la kununua kingine kama hicho.

Siku hizi nachora duara kwa bikari na kukata kwa mkasi wa bati, kingo nazimalizia kwa tupa, na kwa kuwa kingo za koncho zinatakiwa ziwe mawimbi, tupa ingehitajika kwa vyovyote.

Ukiniuliza kama ununue: tafuta kitofali na pini zake peke yake, kama unafanya hereni na vidani utakishukuru. Wa mikanda tupu, anza na kigogo na nyundo ya mbao, uone kama kazi inakupenda. Bamba likitangazwa kuwa ni "fedha ya nikeli", jua hamna fedha ndani, ni shaba, nikeli na zinki. Kwa mkanda halina neno, ila kwa hereni wapo ambao masikio yao yatawasha usiku kucha, dada yangu mmojawapo.

Kikata visahani nacho hakikutupwa. Kina uzito mzuri, nakiweka juu ya ngozi mbili zikisubiri gundi ikauke.