Beseni la mtetemo la lita 50: linang'arisha vipuri vya kusubu, ila tupa bado inahitajika

Kwa karakana za Tanga zinazosafisha makava ya injini za bodaboda, leva za breki na vitasa vya milango, beseni la mtetemo linastahili nafasi yake. Mota iliyo chini ina vyuma vizito vilivyofungwa upande mmoja. Ikizunguka, mzigo wote hutikisika na kujiviringisha kama maharage yanayochemka. Vijiwe vilivyochanganywa na vipuri ndivyo vinavyosugua. Fundi hupakia, huwasha, huenda kwenye kazi nyingine. Na vumbi la alumini, ambalo kwenye gurudumu la kitambaa huingia puani na laweza kulipuka, hapa hubaki majini.

Kipuri kilichotoka kwenye kalibu (umbo la kumiminia chuma kilichoyeyushwa) kisitumbukizwe hivyo hivyo. Kishina cha kumiminia na pezi nene la ukingoni viondolewe kwanza kwa msumeno na tupa. Ukiiachia mashine kazi hiyo, itasugua saa nyingi mpaka kona zife na maandishi yafutike, pezi lingalipo. Kuna hasara kubwa zaidi: ganda la juu la chuma cha kusubu ni jembamba, mara nyingi kama nusu milimita tu, na chini yake kuna vitundu vya hewa. Ganda likiisha, vitundu vinatokeza, na hakuna mng'aro utakaovificha. Kagua kila nusu saa.

Jaza lita 40: vijiwe lita 32, vipuri lita 8. Vipuri vikizidi vinagongana na kutiana makovu, hasa vya zinki, ambayo ni laini na nzito. Kwa zinki na alumini anza na vijiwe vya plastiki, saa 2 hadi 4. Vya kauri vyenye mchanga hukata haraka lakini huacha mikwaruzo.

Pima matundu kabla ya kununua vijiwe. Kwenye tundu la milimita 6, kijiwe cha milimita 5 kinaingia na kukwama. Vya milimita 3 vinaingia viwili na kubanana, kuving'oa ni kazi ya msumari na nyundo. Chukua kikubwa kuliko tundu, kama cha 8.

Sabuni iwe isiyo na kostiki, mililita 10 kwa lita ya maji. Sabuni ya mche huigeuza alumini kuwa ya kijivu, hata nyeusi. Povu likizidi, vijiwe vinaelea juu yake na havikati. Maji yakipungua, tope hushika kwenye kipuri. Maji ya bomba ni bora kuliko ya visima vya pwani, ambavyo chumvi yake huacha madoa. Tope la alumini lisifungiwe kwenye dumu: hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka.

Awamu ya pili ni vijiwe vya kauri laini visivyo na mchanga, saa 2. Mng'aro wake ni wa sufuria iliyosuguliwa vizuri, si wa kioo. Anayetaka kioo bado atahitaji gurudumu la kitambaa. Kausha papo hapo kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, dakika 20, kisha paka vanishi siku hiyo hiyo, maana hewa ya bahari haingoji kesho.

Ukienda kununua, tazama chini ya beseni. Lisilo na tundu la kutolea maji machafu liache dukani.