Albamu ya Kwanza ya Neil Young: Ipi Inunuliwe na Ipi Isubiri

Anayetaka kununua albamu yake ya kwanza ya Neil Young kwa kawaida huelekezwa kwenye Harvest, na ushauri huo una msingi wake. Albamu hiyo ya 1972 iliongoza kwa mauzo nchini Marekani mwaka ule, na wimbo wake Heart of Gold ndio pekee wa Young uliowahi kushika nafasi ya kwanza katika chati za huko. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kusikiliza na kubishana na mashabiki wenzangu, naamini kwamba isinunuliwe kwanza, kwa kuwa inamwonyesha upande mmoja tu. Mwanamuziki huyu, aliyezaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1945, ni wawili katika mmoja: yupo wa gitaa kavu na kinanda cha mdomo, anayeimba kana kwamba mbele yake ameketi msikilizaji mmoja, na yupo wa gitaa la umeme, anayepiga na bendi ya Crazy Horse mpaka spika zinakoroma. Anayemjua mmoja bila mwenzake bado hajamjua.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza naipa Rust Never Sleeps ya 1979. Upande wa kwanza wa santuri hiyo ni wa gitaa kavu, upande wa pili ni wa umeme, na wimbo unaoifungua ndio unaorudi kuifunga, safari hii ukiwa mzito na mkali, maneno yake yakiwa yamebadilishwa kidogo. Sehemu kubwa ilirekodiwa jukwaani, kisha kelele za watazamaji zikapunguzwa na baadhi ya vitu vikaongezwa studioni. Wimbo wa kusikiliza kwanza ni Powderfinger, ambamo kijana wa miaka 22 anaiona mashua yenye bunduki ikipanda mto kuelekea kwao, wakubwa wote hawapo, na yeye ndiye anayelazimika kuamua la kufanya. Anasimulia hadi kifo chake mwenyewe, na gitaa linaendelea pale sauti yake inapokoma. Mnunuzi awe mwangalifu dukani, kwa kuwa mwaka uleule ilitoka pia Live Rust, ambayo ni santuri mbili za onyesho. Nayo ni nzuri, lakini si hii.

Ya pili ni Everybody Knows This Is Nowhere ya 1969, ya kwanza aliyofanya na Crazy Horse. Nyimbo zake tatu kubwa, yaani Cinnamon Girl, Down by the River na Cowgirl in the Sand, Young alizitunga akiwa kitandani na homa kali. Katika Cinnamon Girl, inapofika zamu ya solo, karibu yote ni noti moja inayorudiwa tena na tena, na mpiga gitaa aliyezoea kuhesabu wepesi wa vidole huenda akaidharau. Namsihi aisikilize mara ya pili, akifuatilia jinsi kila mpigo wa noti ile unavyotofautiana na uliotangulia kwa uzito na kwa mng'uno. Nyimbo nyingine mbili zina dakika tisa na kumi, na katika urefu huo magitaa mawili, la Young na la Danny Whitten wa Crazy Horse, yanaulizana na kujibizana bila haraka yoyote.

After the Gold Rush ya 1970 naiweka ya tatu, ingawa wapo mashabiki wengi wanaoiweka ya kwanza na sina ugomvi nao. Ni fupi, haina wimbo wa kuruka, na Southern Man iliyomo inatosha kuonyesha kwamba hasira pia inaweza kuimbwa kwa sauti nyembamba.

Ndipo inapofuata Harvest. Naipenda, lakini haina uzani sawa kila mahali: nyimbo mbili zilizopigwa na okestra ya London Symphony zinaelemewa na fidla, ilhali Old Man, iliyotungwa kwa ajili ya mzee aliyekuwa akilitunza shamba alilolinunua Young huko California, inasimama imara kwa gitaa, banjo ya James Taylor na sauti ya Linda Ronstadt katika kiitikio. Anayeipenda Harvest kwa upole wake atafurahia pia Harvest Moon ya 1992, iliyowakusanya tena wengi wa wapigaji walewale. Katika wimbo uliobeba jina la albamu hiyo, mchakacho ule unaosikika pamoja na ngoma ni wa ufagio halisi ukifagia sakafu.

Tonight's the Night ni ya tano kwa mpangilio wa kununua, si kwa ubora. Kama ningeulizwa ipi imenigusa zaidi, ningeitaja hii. Whitten alifariki Novemba 1972 kwa kuzidisha dawa, na mwaka uliofuata akafariki Bruce Berry, mmoja wa vijana waliokuwa wakibeba na kufunga vyombo vyao. Albamu ilirekodiwa zaidi mwaka 1973, ikakaa kabatini hadi 1975. Katika Mellow My Mind sauti ya Young inapanda kuitafuta noti ya juu na inavunjika, naye akaiacha hivyohivyo. Katikati ya matanga hayo ukaingizwa wimbo uliorekodiwa jukwaani mwaka 1970, ambao mwimbaji wake mkuu ni Whitten mwenyewe, mchangamfu na bado akiwa hai. Asiyejua habari hizi huenda akaiona albamu hii kama kazi iliyolipuliwa, ndiyo maana nashauri isubiri kidogo.

On the Beach ya 1974, ambayo mashabiki waliidai kwenye sidii hadi 2003, inunuliwe baada ya hiyo, kwa ajili ya upande wake wa pili wenye nyimbo tatu tu. Mkusanyiko wa Decade wa 1977, wenye nyimbo 35, unamfaa mwenye bajeti ya kununua kitu kimoja na asirudi tena dukani. Za miaka ya 1980, kama vile Trans yenye sauti zilizopitishwa kwenye mitambo, zisinunuliwe bila kusikilizwa kwanza.

Kuhusu santuri zilizokwishatumika, Harvest iliuzwa kwa wingi kiasi kwamba nakala ya zamani ni rahisi kupatikana, na hakuna sababu ya kuilipia bei ya kitu adimu. Iinamishwe chini ya taa ili mikwaruzo ionekane, kisha muuzaji aombwe kuweka upande wa pili na kupeleka sindano kwenye wimbo wa The Needle and the Damage Done. Hapo kuna gitaa moja na sauti moja, na kila chembe ya uchakavu itasikika. Mwishoni makofi ya watu yatakatika ghafla na wimbo unaofuata, Words, utaingia kwa kishindo. Mnunuzi asidhani kwamba sindano imeruka, kwa kuwa ndivyo albamu ilivyounganishwa tangu mwanzo.