Medgenics na Biopump: kipande cha ngozi kilichouzwa kama kiwanda cha protini

Teknolojia ya Biopump ya kampuni ya Medgenics tunaipa alama za juu. Hisa ya kampuni hiyo ilikuwa habari nyingine.

Ilivyofanywa kwenye majaribio: daktari anampiga mgonjwa ganzi, anachomoa kipande chembamba cha ngozi ya ndani, kama sentimita 3 kwa urefu. Maabara inakipandikiza jeni ikitumia adenovirusi (aina ya virusi vya mafua) iliyoondolewa jeni zake yenyewe, kisha kinarudishwa chini ya ngozi ya mgonjwa yuleyule. Humo kinatoa erithropoetini, homoni inayochochea utengenezaji wa damu, kwa mgonjwa wa figo aliyepungukiwa damu, au interferoni, protini ya kinga dhidi ya virusi, kwa mwenye homa ya ini aina ya C. Tishu ni ya mwenyewe, kwa hiyo haihitaji dawa za kuzuia mwili usiikatae, na ikileta shida inakatwa.

Ugumu uko kwenye dozi. Idadi ya vipande huamuliwa kabla ya kupandikiza. Himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikisukumwa na erithropoetini kupita gramu 11 kwa desilita, hatari ya kiharusi na kuganda kwa damu inapanda. Sindano ya kawaida ya homoni hiyo unaweza kuiahirisha hadi wiki ijayo. Kipande kilichokwisha kushika mwilini hakiahirishwi; inabidi kikatwe. Kisha kila mgonjwa ana utengenezaji wake, vipimo vyake na usafirishaji wake, hivyo gharama haishuki kirahisi hata wateja wakiongezeka. Anayeshindana na sindano ya erithropoetini, dawa iliyoko sokoni tangu 1989, hana nafasi ya gharama kama hiyo.

Soko nalo halikusubiri. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvir, vidonge vya homa ya ini C, na hoja ya interferoni ikafifia. Medgenics, iliyoingia soko la hisa la Marekani mwaka 2011, ilibadili mwelekeo, ikaitwa Aevi Genomic Medicine mwaka 2016, na mwaka 2020 ikamezwa na kampuni ya dawa ya Cerecor.

Kampuni nyingine, Sigilon, ilijaribu njia ya pili: seli za binadamu ndani ya vitufe vidogo vya aljineti, utomvu wa mwani. Iliuza hisa kwa dola 18 Desemba 2020. Julai 2021 jaribio lake la himofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, likasimamishwa, na vitufe vilivyotolewa mwilini vikakutwa vimezingirwa na tishu za kovu.

Ukiletewa kampuni ya aina hii, usiridhike na grafu ya kiwango cha juu cha protini. Uliza ni wagonjwa wangapi wamekaa miezi 12 bila sindano, fedha zilizobaki zinatosha miezi mingapi kabla ya hisa mpya kupunguza fungu lako, na udai picha za hadubini za vipandikizi vilivyotolewa.